Vijisenti, mboga na Richmond: tunayoyaamini kuhusu majina ya kashfa

Kwenye soko la Mwanjelwa, Mbeya, mama muuza viazi akiona mteja anapapasa mfuko bila kuamua, humwambia: "Hebu toa hivyo vijisenti, kaka, mvua hiyo inakuja." Mteja anatoa elfu tano, anamiminiwa sado yake kwenye kiroba, anaondoka. Hakuna anayecheka, kwa kuwa neno limeshazoeleka. Kijana anayembebea mzigo huenda alikuwa bado ananyonya lilipovuma mara ya kwanza. Maneno ya namna hii, yaliyozaliwa na kashfa za wakubwa, tunayatumia kila siku, ila mengi tunayoyasema juu yake siyo kweli.

"Kashfa ikiwa kubwa, jina la utani nalo linakuwa kubwa"

Fedha zilizochotwa Benki Kuu kupitia akaunti ya EPA, ile ya kulipia madeni ya nje, mwaka wa fedha 2005/06 zilitajwa kufika shilingi bilioni 133. Nenda kijiwe chochote cha Uyole uwaombe watu wakutajie mhusika mmoja tu. Wengi watabaki na zile herufi tatu.

Sasa mtazame Andrew Chenge. Aprili 2008, akiwa Waziri wa Miundombinu, aliulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni 1 zilizokuwa kwenye akaunti yake kisiwani Jersey, naye akaziita vijisenti. Siku chache baadaye alijiuzulu uwaziri, na "Mzee wa Vijisenti" likamganda mpaka leo. Kwa thamani ya wakati ule zilikuwa kama shilingi bilioni 1.2. Ukiziweka kando ya zile za EPA, hazionekani.

Kilichomponza ni mdomo. Ilitokea tena kwenye sakata la Escrow, la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow pale Benki Kuu. Profesa Anna Tibaijuka aliingiziwa shilingi bilioni 1.6, akashikilia kwamba ulikuwa mchango wa shule, na Desemba 2014 Rais Kikwete akamwondoa kwenye uwaziri. Habari ya bilioni ingepita kama zilivyopita nyingine. Lakini aliposema milioni 10 kati ya hizo zilikuwa za mboga, nchi nzima iliinua kichwa. Mama wa Mlandege, Iringa, hawezi kuipigia picha bilioni 1.6, hajawahi kuiona, na wala mimi sijawahi. Bei ya fungu la msusa au chainizi, hiyo anaijua kuliko waziri yeyote. Kiongozi akigusa mboga, amejileta mwenyewe kwenye hesabu ambayo kila mtu anaiweza.

Kwa hiyo mara nyingi hata si jina la mwanasiasa linaloingia mtaani. Linaloingia ni neno lililomtoka, au jina la kampuni. Kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura iliongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, mtu wa hukuhuku Kyela, na Februari 2008 taarifa yake ikafuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa. Mtaani sakata lile likaitwa Richmond, kwa jina la kampuni iliyoshindwa kuleta umeme iliouahidi.

"Akiitwa hivyo, basi alishapatikana na hatia"

Hapa ndipo tunapowaonea watu. Chenge hakutiwa hatiani na mahakama yoyote katika suala la ununuzi wa rada ya serikali, ambalo zile fedha za Jersey zilihusishwa nalo. Kampuni ya BAE Systems ya Uingereza, iliyouza rada hiyo, ndiyo iliyokiri mwaka 2010 kosa la kutotunza hesabu sawasawa kuhusu biashara hiyo, na pauni milioni 29.5 zikaja Tanzania kwa ajili ya vitabu na madawati. Basil Mramba, aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha, yeye alihukumiwa kweli mwaka 2015, kwa kesi ya msamaha wa kodi. Ukimtaja kijiweni, wangapi wanaikumbuka kesi hiyo? Wanakumbuka kauli anayohusishwa nayo, kwamba tule hata nyasi ili ndege ya Rais inunuliwe. Hukumu na mzaha vimepishana njiani.

"Jina la utani humaliza siasa ya mtu"

Lingekuwa linamaliza, Chenge asingerudi bungeni mwaka 2010 na tena 2015, wala asingepewa uenyekiti wa kamati ya Bunge ya bajeti. Tibaijuka naye alichaguliwa tena Muleba Kusini mwaka 2015. Lowassa, pamoja na Richmond yote, alipata kura zaidi ya milioni 6 za urais mwaka huohuo. Na Mwakyembe, aliyechunguza? Kura za maoni za CCM za 2020 zilimwangusha palepale Kyela. Hilo huwa halitungiwi utani, sijui kwa nini.

"Ni mambo ya vijana wa mitandaoni"

Wazee wetu walikuwa na "wabenzi", yaani wakubwa wa kwenye Mercedes Benz, kabla hatujajua simu ya mkononi, na Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa Mzee Ruksa enzi za redio ya mbao. Kuchakachua kulianzia kwenye dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa, jambo ambalo madereva wa malori ya Tunduma hawahitaji kufundishwa. Uchaguzi wa 2010 ndio uliolihamishia neno hilo kwenye kura.

"Utani haumgharimu mtu"

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayesambaza taarifa za uongo. Na jukwaani nako si salama: Februari 2018 mbunge wa Mbeya Mjini, Joseph Mbilinyi, ambaye huku kila mtu anamwita Sugu, alifungwa miezi mitano kwa maneno yaliyoonekana kumkashifu Rais Magufuli. Alitoka Mei.

Watu wamejifunza. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya michango ya harusi, mweka hazina akichelewa kutoa hesabu, kuna shangazi mmoja ataandika tu, "Jamani, zile za mboga zimefika ngapi?" Hamtaji mtu. Mweka hazina anatuma hesabu jioni hiyohiyo.