Gauleiter alikuwa nani? Mfano wa Carl Röver

Gauleiter kilikuwa cheo cha chama cha Nazi, si cha serikali, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Chama kiliigawa Ujerumani katika mikoa yake chenyewe, kila mmoja ukiitwa Gau. Mkuu wake, yaani Gauleiter, aliteuliwa na Hitler na kuwajibika kwake, hakuchaguliwa na wanachama. Mipaka ya Gau haikufuata lazima ile ya majimbo: Gau la Weser-Ems, kaskazini-magharibi, lilijumuisha Oldenburg, Bremen, na sehemu za jimbo la Prussia zilizozunguka Osnabrück na Aurich.

Gauleiter wa huko tangu 1928 alikuwa Carl Röver, mfanyabiashara. Alizaliwa Lemwerder mwaka 1889, na kati ya 1911 na 1913 aliajiriwa na kampuni ya biashara huko Kamerun, wakati huo koloni la Ujerumani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akarudi kwenye biashara Oldenburg, kisha siasa ikamchukua.

Mei 1932 Wanazi walipata viti 24 kati ya 46 vya bunge la Oldenburg, na Röver akawa waziri mkuu wa jimbo miezi kadhaa kabla Hitler hajawa kansela. Septemba hiyo akajaribu kumzuia mchungaji wa kabila la Ewe kutoka Afrika Magharibi, Robert Kwami, asihubiri katika kanisa la Lamberti. Kanisa likakataa amri, na Kwami akahubiri, tena kwa Kijerumani. Ubaguzi wa Röver, basi, haukungoja maelekezo ya Berlin.

Mei 1933 alifanywa pia gavana wa Reich, yaani mwakilishi wa serikali kuu, kwa Oldenburg na Bremen. Kofia hizo mbili ndizo zilizompa Gauleiter nguvu. Akikwama kama gavana aliagiza kupitia chama. Waziri akimbana, alikata rufaa kwa Hitler moja kwa moja. Mabunge ya majimbo yalipofutwa Januari 1934, hakukuwa tena na chombo cha kumhoji nyumbani kwake.

Isipokuwa wananchi wenyewe, pale walipothubutu. Novemba 1936 serikali ya Oldenburg iliamuru alama za dini, misalaba ikiwemo, ziondolewe katika majengo ya umma, na shule zikiwemo. Kusini mwa jimbo, kwenye Wakatoliki wengi, watu wakachachamaa. Tarehe 25 Röver akaenda Cloppenburg kuzungumza na maelfu waliojaa ukumbini. Alizungukazunguka kwa maneno, nao wakampigia kelele wakitaka jambo moja tu: msalaba. Mwishowe akatangaza kwamba amri imefutwa na misalaba itabaki shuleni.

Kinachoonekana hapo ni kwamba aibu hiyo haikumgharimu kazi. Kwa Hitler, utii wa mfuasi wake wa siku nyingi ulikuwa na uzito kuliko kushindwa kwake mbele ya wakulima wa Cloppenburg. Röver alibaki Gauleiter hadi alipofariki Mei 1942, na nafasi yake akapewa Paul Wegener.