Nairobi hadi New York: usihesabu safari kwa saa ya ukutani

"Ndege inatoka Nairobi 23:25, inafika New York 06:25. Kumbe Marekani ni saa saba tu!" Ukiamini hivyo, utadhani unakwenda mwendo wa basi la Mombasa. Tiketi huandika saa za mji unaoondokea, kisha saa za mji unaofikia. Majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8, kwa hiyo 7 jumlisha 8: utakaa kwenye kiti saa 15. Majira ya joto Wamarekani husogeza saa zao mbele, tofauti ikabaki 7. Sisi hatugusi saa zetu mwaka mzima, ndiyo maana ratiba ileile huonekana kubadilika bila sababu.

Kenya Airways ilianza safari hiyo isiyotua njiani tarehe 28 Oktoba 2018. Umbali ni takriban kilomita 11,800.

Wengine huchukua ramani ya ukutani na rula, wakapiga mstari. Mstari huo hutokea baharini pande za Mauritania. Lakini dunia ni duara. Chukua tufe na uzi, uvute uzi kutoka Nairobi hadi New York: utaona unapanda kaskazini, unakata Sahara na kutokea pande za Morocco ndipo uingie Atlantiki. Kwenye ramani bapa njia hiyo inaonekana imepinda, na ndiyo fupi.

Dhana ninayoisikia kuliko zote: ndege ikielekea magharibi, dunia inazunguka chini yake na kuisogezea mji. Hapana. Hewa nayo inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Kinachobadilisha muda ni upepo. Juu kule, kilomita kama 10 hivi, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda Marekani anapambana nao, anayerudi anasukumwa. Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa sita. Ukiipima kwa ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, lakini haikuvunja mwendo wa sauti, kwa sababu sehemu ya mwendo huo ilikuwa ya upepo wenyewe.

Kosa linaloniuma zaidi linatuhusu sisi Waswahili hasa. Shangazi yangu alikuwa na tiketi ya Jumapili, 00:40. Jumapili jioni akafika uwanjani na mabegi mawili yaliyofungwa kamba, na ubuyu wa wajukuu ndani. Ndege ilikuwa imeondoka tangu usiku uliopita. Hakuwa mjinga, kwake usiku wa Jumapili ni ule unaofuata mchana wa Jumapili. Lakini kwa tiketi siku hubadilika saa sita ya usiku, na 00:40 ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Kwa tiketi kama hiyo, toka nyumbani Jumamosi jioni, uwe kwenye foleni ya mizigo saa tatu na nusu usiku.