Eti kuwasha na kuzima taa ndo kunakula umeme?

Sikukuu ikikaribia hapa Tanga, Ngamiani huko mpaka Chumbageni, utasikia tu mtu anasema "usizime hiyo taa bwana, ukiwasha tena inavuta umeme mwingi, bora iwake mpaka asubuhi". Tumelelewa nayo hiyo, hata bibi yangu alikuwa anasema hivyohivyo.

Sasa ngoja. Chanzo chake ni zile tyubulaiti za zamani, zenye staata, ukiwasha zinapepesa pepesa kwanza, na kweli pale mwanzo zinavuta umeme mkubwa kidogo, ila ni kwa muda mfupi mno, ule umeme wa ziada hauzidi wa kuiacha taa iwake sekunde chache tu. Kinachoumia ni tyubu yenyewe, ukiiwasha na kuzima kila saa inakufa mapema, hapo wazee walikuwa na hoja.

Taa za LED hazina habari hiyo kabisa. Hesabu ndogo: taa tano za LED za wati 9 zikiwaka kwa saa 12, usiku kucha, zinakula kama nusu yuniti hivi. Zile balbu za zamani za wati 60, tano hizohizo, saa 12 hizohizo, ni yuniti 3.6, halafu unashangaa mita ya LUKU inalia umeme unaisha siku ya Idd wageni wamejaa sebuleni (na pilau bado iko jikoni!).

Kwahiyo ukienda kulala zima tu, hata yale mataa ya rangi ya barazani.