Faili la "mwisho kabisa" na mengine tunayodanganyana

Kijana mmoja wa Ngomeni alinijia nyumbani hapa Malindi, laptopu kaikumbatia kama aliyebeba mgonjwa. Alikuwa amechambua takwimu za tafi wanaovuliwa upande wetu kwa ajili ya mradi wake wa shahada, na msimamizi wake kamuuliza swali moja tu: mchoro wa tatu umetoka kwenye faili lipi? Tukafungua. Kulikuwa na tafi_mwisho, tafi_mwisho2, tafi_mwisho_kabisa, na tafi_mwisho_HII_NDIYO.

"Kaka, nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya," akasema.

Sikumcheka, maana nami nimepita huko huko. Siku hizi wanaohesabu samaki pwani hii ni wengi: vikundi vya BMU (vile vya wavuvi vinavyosimamia fukwe), wanafunzi, maafisa wa uvuvi. Na wengi tunarithishana maneno yale yale kuhusu mafaili, mengine nusu kweli, mengine si kweli hata kidogo.

"Mpangilio ni wa miradi mikubwa." Data ya huyu kijana haikufika mistari elfu tatu. Na bado imempotea.

"Nikirekebisha kosa ndani ya Excel, data imesafika." Hili ndilo linalotuumiza zaidi. Ukifuta 85 ukaandika 8.5, namba mpya inakaa pale kama iliyozaliwa hapo. Hakuna anayejua nani kabadilisha, lini, wala kwa nini, na baada ya miezi sita hata wewe mwenyewe hujui. Data ghafi, ile iliyonakiliwa kutoka karatasi za diko, pale samaki wanaposhushwa, hukaa kwenye folda yake, ikafungwa iwe ya kusomwa tu, na haiguswi tena hata ikiwa na makosa ya wazi. Marekebisho yote huandikwa kwenye skripti, yaani faili la amri ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine, pamoja na maelezo mafupi: uzito huu umebadilishwa, karatasi imeangaliwa, nukta ilisahaulika. Skripti inasoma faili ghafi na kutoa faili jingine, safi. (Wengine huiita kodi. Mimi neno hilo nikilisikia namkumbuka mwenye nyumba, kwa hiyo nasema skripti.)

Halafu Excel yenyewe ina mkono mwepesi. Huwa inabadilisha mambo bila kuombwa. Wataalamu wa jeni za binadamu walichoshwa nayo hadi wakasalimu amri: kamati inayosimamia majina ya jeni, HGNC, ilieleza katika miongozo yake ya 2020 kwamba SEPT1 sasa ni SEPTIN1 na MARCH1 ni MARCHF1, kwa kuwa Excel ilikuwa ikiyageuza majina hayo kuwa tarehe za Septemba na Machi. Ilikuwa rahisi kubadilisha majina ya jeni kuliko kubadilisha tabia za watu na programu yao.

Sisi hatuna jeni, tuna misimu. Karani wa diko akiandika 1/7 anamaanisha tarehe mosi Julai, kusi imekaza, mashua nyingi zimelala. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani inaanza na mwezi, kwa hiyo inasoma tarehe 7 Januari, kaskazi, bahari imetulia na watu wanavua. Samaki wa kusi wamehamishiwa kaskazi, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Mbaya zaidi, 14/7 haibadiliki, kwa kuwa hakuna mwezi wa 14.  Safu moja ya tarehe, nusu imepinduka na nusu imesimama. Andika 2024-07-01: mwaka, mwezi, siku. Ndiyo mpangilio wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, na una faida ya ziada kwamba mafaili yakipangwa kwa majina yanajipanga pia kwa tarehe.

"Data hujieleza yenyewe." Haijielezi. Kwenye jedwali la kijana kulikuwa na safu iliyoitwa "saa", na ndani yake 3:00, 9:00, 2:30. Nikamuuliza, hii tatu ni ya wapi? Kumbe karani mmoja aliandika saa zetu za Kiswahili, saa tatu asubuhi, na mwingine akawa ananakili kwenye simu, ambayo saa hiyo hiyo inasoma 09:00. Tofauti ni saa 6 kamili.

Sasa fikiria bahari. Hapa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika kama 12. Kwa hiyo kosa la saa 6 linakugeuzia maji: aliyevua maji yamepwa anaonekana kavua yamejaa. Ukitafuta uhusiano wa maji na samaki utapata kinyume chake, tena kwa namba za kupendeza. Dawa yake ni faili fupi la maandishi matupu, mimi hulipa jina NISOME, linaloeleza kila safu ni nini, kwa kipimo gani, saa za nani, na kwamba "tafi" na "tasi" kwenye jedwali hili ni samaki yule yule, Siganus sutor.

"Jina la faili ni jina tu." Programu nyingi hupanga herufi kwa herufi, 10 ikatangulia 2. Andika 01, 02. Usiweke nafasi tupu kati ya maneno. Neno "mwisho" lipigwe marufuku.

"Nina Git, sihitaji nakala nyingine." Git, programu ya kutunza historia ya mafaili aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa kazi ya Linux, hukumbuka kila badiliko uliloliandikisha, na kwa skripti sijaona kitu kinachoishinda. Lakini historia yote iliyo kwenye laptopu moja huzama na laptopu hiyo. Pia Git inapenda maandishi. Faili la Excel haiwezi kukuonyesha mstari kwa mstari kilichobadilika, na GitHub, tovuti ya kuwekea miradi ya Git, inakataa faili linalozidi MB 100. Mtu anayeanza simsukumii Git siku ya kwanza. Nakala mbili mahali tofauti, zenye tarehe, zinatosha kumlaza usingizi.

"Kwangu inakubali, basi imekamilika." Inakubali kwako kwa sababu njia ya faili ndani ya skripti inaanza na C:/Users na jina lako, na kwa mwingine haipo. Andika njia inayoanzia kwenye folda ya mradi, ili mradi ukihamishwa mzima usikatike. Wanaotumia R, programu ya takwimu, nao wajihadhari: ukihifadhi kumbukumbu ya kazi wakati wa kufunga programu, kesho vitu vya jana vinarudi kimyakimya, na skripti inaegemea jedwali ambalo haikulitengeneza. Zima kipengele hicho.

"Matokeo ndiyo ya kutunzwa." Hapa tulibishana. Tulikuwa tumeshapanga folda nne, data_ghafi, data_safi, skripti na matokeo, na skripti zake tatu zimepewa namba. Nikamwambia afute kila kilichomo kwenye matokeo, maana skripti zikiwa kamili zitayazaa upya. Akanitazama kama nimemwambia akate kamba ya nanga.

Akafuta. Akaendesha skripti ya kwanza hadi ya tatu. Mchoro wa kwanza ukarudi, wa pili ukarudi. Wa tatu, ule ule wa swali la msimamizi, haukurudi. Ulikuwa umechorwa kwa mkono ndani ya tafi_mwisho2. Akavuta kiti, akaanza kuuandikia skripti.