Kupiga ditekta uani ni kitu gani hasa, na mali ya Mjerumani inaingiaje hapo

Huku kwetu Iringa na Mbeya ukitaja ditekta watu wanawaza vitu viwili tu, dhahabu ya Chunya au mali ya Mjerumani, yaani hazina ambayo watu wanasema Wajerumani waliifukia kabla ya kuondoka. Ya Chunya inaeleweka, kule Lupa wachimbaji wadogo wanazunguka na hizo mashine porini wanatafuta vipande vya dhahabu vilivyo juujuu na wapo wanaovipata kweli. Hii ya Mjerumani ndo imevuruga kila kitu, maana ukimwambia mtu kuna watu wanapitisha ditekta kwenye uwanja wa nyumba ya zamani wakitafuta sarafu za kale, kwanza anashusha sauti, halafu anakuuliza kama una ramani.

Hamna ramani. Kupiga ditekta uani ni kupitisha mashine inayohisi metali juu ya ardhi ya mahali watu walipoishi, au wanapoishi mpaka leo, ili uokote vile vitu vidogo vilivyowadondoka: sarafu, vifungo, pete, funguo, risasi, kijiko, kipande cha jembe. Karibu vyote vilipotea kwa bahati mbaya. Pesa iliyofukiwa makusudi kwenye chungu ipo, watu walikuwa wanaficha akiba hivyo, ila ukiingia kwenye hii kazi kwa kutegemea chungu utaacha wiki ya kwanza.

Wenzetu Uingereza na Marekani wanaifanya kama starehe ya wikiendi. Wamarekani wanapenda sana uwanja wa nyumba wa mbele, wanatafuta sarafu zao za fedha za kabla ya 1965. Waingereza nao wana hadithi ya kijiji cha Hoxne, mwaka 1992 mkulima alipoteza nyundo shambani, jamaa yake akaja na ditekta kuitafuta, akakuta maelfu ya sarafu za dhahabu na fedha za enzi ya Warumi (na nyundo ilipatikana, ipo makumbusho). Hiyo ni moja katika mamilioni, wengi wanarudi na misumari.

Mashine yenyewe haina uchawi. Kwenye ile sahani ya chini kuna koili ya waya, umeme wa betri unapita humo ukigeuka geuka maelfu ya mara kwa sekunde, usumaku wake unashuka ardhini, ukikuta kitu cha metali unazalisha ndani yake kiumeme kidogo kinachozunguka, nacho kinatoa usumaku wake unaorudi juu, koili ya pili inaupokea na mashine inalia. Ni kama kuita bondeni halafu ukasikiliza mwangwi. Wazo ni la zamani, Alexander Graham Bell alishajaribu kifaa cha namna hiyo mwaka 1881 kutafuta risasi mwilini mwa rais Garfield wa Marekani, hakufanikiwa.

Sasa kwa jinsi inavyofanya kazi utaona kitu kimoja, ditekta haijui thamani. Inajua kitu kinapitisha umeme vizuri kiasi gani na kina ukubwa gani, basi. Fedha na shaba zinapitisha vizuri kwa hiyo zinalia sauti ya juu na namba kubwa kwenye skrini, ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara inalia chini, chuma kinakwaruza. Ila kizibo cha soda kilichoshika kutu kinaweza kukudanganya vizuri tu kwamba ni sarafu, na kipande cha sufuria ya alumini ndo usiseme. Uwanja wa Kitanzania umejaa misumari ya bati, vizibo, betri za redio, waya na makopo ya maziwa, kwa hiyo anayejua kupiga ditekta ni yule aliyezoea kusikiliza, anapeleka koili polepole karibu na ardhi, akisikia mlio anageuka upande wa pili anaupitia tena, kama unasikika upande mmoja tu anauacha.

Na kuhusu kina, yaani mashine inaona chini kiasi gani, watu wanadanganya sana. Sarafu moja mashine ya kawaida inaiona kama shibiri moja chini, udongo ukiwa mzuri labda zaidi kidogo. Anayekuja na kifaa cha antena mbili zinazojizungusha zenyewe anasema kinaona sanduku la dhahabu chini ya kilima cha pili, huyo anatafuta pesa yako, na wewe ndo uwanja wake.

Na udongo wetu siyo mzuri. Udongo mwekundu una chuma kingi ndani yake na ule mweusi wa Rungwe umetoka kwenye volkano, vyote vinafanya mashine ilie lie hovyo hata pasipo na kitu. Ndo maana kabla ya kuanza unatafuta sehemu isiyo na mlio wa kitu, unainua na kushusha koili mara kadhaa huku unairekebisha mpaka mashine izoee ardhi na inyamaze. Usipofanya hivyo utachimba viazi vya watu bure.

Kwa nini uani na siyo popote? Kwa sababu pesa inadondoka pale watu wanapokaa, wanapoinama na wanapolipana. Kwa nyumba za huku fikiria mlangoni, njia ya kwenda kisimani au mtoni, chini ya kamba ya kuanikia, jalalani, chini ya mti wa zamani ambapo wazee walikuwa wanakaa kupiga soga. Mwanamke alifunga senti kwenye pindo la kanga, fundo likilegea imekwenda. Tembe za Wahehe na Wasangu zilikuwa na paa la udongo, ikianguka inakuwa kichuguu na kila kilichokuwa sakafuni kimefunikwa humo humo. Mimi ningeambiwa nichague sehemu moja tu Iringa nzima ningeomba uwanja uliokuwa kilabu cha ulanzi, ile pombe ya mianzi, maana mtu aliyekunywa ulanzi tangu asubuhi hana habari na mfuko wake.

Na kinachotoka kinakupa tarehe. Pesa ndogo ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja ni ya mwanzo mwanzo wa Mjerumani, 1890 mpaka 1892. Rupia, sarafu yao ya fedha, ile ya kampuni yao iliyotangulia kutawala huku ina simba na mnazi, ile ya baada ya 1904 ina majani yaliyozunguka maandishi, zote zina kichwa cha Kaisari Wilhelm. Mwanzoni rupia moja ilikuwa pesa 64 (pesa ndo jina la ile sarafu ndogo ya shaba), wakabadilisha ikawa heller 100, na baadhi ya heller zina tundu katikati. Ukipata ya shaba ya njano iliyopigwa ovyo ovyo ya 1916 ujue hiyo ilitengenezwa Tabora vita vikiwa vimewabana, meli haziji. Shilingi yenye simba na milima nyuma yake ni ya Mwingereza, kuanzia 1921. Halafu zinakuja zetu za 1966 zenye sura ya Mwalimu, sungura kwenye senti 50, mbuni kwenye senti 20, na kusema kweli hizi ndo utapata nyingi kuliko zote, mtoto katumwa chumvi akadondosha.

Ndo maana nyumba za karibu na Tukuyu mjini, ambayo Mjerumani aliiita Neu Langenburg, au pembeni ya misheni kongwe kama Rungwe ya Wamoraviani, iliyoanza 1891, zina nafasi kuliko mtaa uliojengwa majuzi kwenye shamba la mahindi.

Ruhusa ni lazima, na ruhusa ya huku ina ngazi zake. Unapiga hodi, unasalimia kamwene, unakaa, unamweleza mzee mwenye nyumba unachotafuta na unamwambia kabisa kwamba kikitoka kitu atakiona kwanza yeye, mnakubaliana kabla ya kuchimba. Mwenyekiti wa mtaa ajue, maana mtu anayechimba uani kwa watu na anavaa hedifoni lazima azue maneno. Na uliza makaburi yako wapi. Huku, hasa kwa Wanyakyusa, wazee wamelazwa hapo hapo nyumbani na kaburi la zamani linaweza lisiwe na alama yoyote, sehemu hiyo unaizunguka mbali. Kuchimba kwenyewe ni kukata nyasi pande tatu, kufunua kama mfuniko, udongo unauweka kwenye kipande cha nailoni, ukimaliza unarudisha wote na kukanyaga. Mwenye nyumba akiona mashimo, kesho hutaruhusiwa kurudi tena.

Sheria pia ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu mtu kuchimba kutafuta malikale bila leseni, na kitu cha kale ukikikuta unatakiwa kutoa taarifa. Lugalo, Kalenga na maeneo mengine ya kumbukumbu usipeleke koili kabisa. Hata uani kwako, ukikutana na mavi ya chuma mengi au vipande vya vyungu vimerundikana ujue pengine walifua chuma hapo, acha kila kitu kilivyo uwaite watu wa makumbusho ya Boma pale Iringa au afisa utamaduni, kwa sababu kikishatolewa bila mtu kuandika kilikaa wapi na kando ya nini, kinabaki kipande cha uchafu tu. Dhahabu nayo ina leseni zake za madini, usichanganye. Na kuna vita vya 1916 vya Mjerumani na Mwingereza, Malangali walipigana kabisa, kwa hiyo kitu kizito cha mviringo chenye ncha kinaweza kuwa bomu, usikigonge, usikisafishe, ondoa watoto, ita polisi.

Mwisho kuna wanunuzi. Watakuja na hadithi ya rupia inayovuta punje za mchele, sijui zebaki nyekundu, sijui Mwarabu anasubiri Dar na milioni mia, toa kwanza hela ya vipimo. Rupia halisi ni sarafu ya fedha, ina gramu 11.66, iliyochakaa inapungua kidogo, na sumaku haiivuti. Za kughushi ni nyingi. Usiisugue kwa ndimu na mchanga ing'ae, wakusanyaji wanataka ile rangi yake ya uzee na ukiisugua umeishusha bei mwenyewe, ioshe kwa maji tu uiache ikauke. Ukitaka kujua uzito nenda kwa sonara apime mbele yako, usimwachie mpaka kesho.