Je, wajua kwa nini bega huuma unapoinua mkono?

Mvua za kwanza zinaponyesha Dodoma, kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au mwezi Desemba, watu waliokaa miezi mingi bila kushika jembe huingia shambani kwa pamoja, na baada ya siku chache baadhi yao hushindwa kuinua mkono ili kuvaa shati au kujitwika ndoo. Mara nyingi lawama hutupiwa baridi yabisi. Lakini chanzo cha kawaida zaidi kimo katika umbile la bega lenyewe na katika kazi ambayo limepewa ghafla.

Hakuna kiungo cha mwili kinachoweza kuzunguka kwa uhuru kama bega, na uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni duara kubwa, ilhali kikombe kinachokipokea kwenye kombe la bega ni kidogo na hakina kina, hivyo duara hilo hukaa kama chungwa juu ya kisahani. Kinacholizuia lisiteleze ni misuli minne midogo ambayo kano zake hulikumbatia kutoka mbele, juu na nyuma. Kano ya juu hupita katika upenyo wa takribani sentimita 1, chini ya ncha ya kombe la bega, pamoja na kifuko chembamba cha majimaji kinachopunguza msuguano. Mkono unapoinuka, upenyo huo hupungua, na misuli ikichoka kiasi cha kushindwa kulishikilia duara mahali pake, kano na kifuko hubanwa. Ndiyo maana maumivu huwa makali mkono unapokaribia usawa wa bega, kisha hupungua ukishapita juu, na hurudi usiku mtu anapolalia upande huo.

Kubanwa si kisa chote. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, kwa hiyo huimarika polepole na hupona polepole. Msuli unaweza kuzoea jembe katika wiki chache, lakini kano huhitaji miezi. Katika nchi kavu yenye msimu mmoja wa mvua, ambako mkulima hukimbizana na unyevu wa udongo, pengo hilo ndilo linaloumiza zaidi, na kwa maoni yangu halizungumzwi inavyostahili.

Mashamba ya zabibu yana tatizo la aina nyingine. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila msimu una upogoleaji wake. Mtazame mtu anayepogolea mzabibu uliotambaa juu ya waya: mkono mmoja umeshika tawi, mwingine unabana mkasi, viwiko vyote viwili viko juu ya mabega, na hali hiyo huendelea mstari hadi mstari. Hata asiposhika kitu, mkono mzima wa mtu mwenye kilo 70 una uzito wa takribani kilo 3.5, na kadiri unavyonyooshwa mbali na mwili ndivyo bega linavyolazimika kuvuta kwa nguvu zaidi. Afadhali kusimama juu ya kigoda imara ili viwiko vishuke, na kubadilishana kazi na anayekusanya matawi chini kabla bega halijaanza kulalamika.

Mfanyakazi wa ofisini Mtumba, mji wa serikali jijini Dodoma, na fundi cherehani nao hawajasalimika. Mkono unapoinuliwa hadi juu kabisa, karibu theluthi moja ya mwendo huo hufanywa na kombe la bega likiteleza mgongoni. Anayekaa ameinama kutwa nzima hulizuia kombe hilo, na mzigo wote hurudi kwenye kano.

Kinga bora ni kuanza mapema. Mkulima anaweza kuanza mazoezi Oktoba: kusukuma ukuta kwa mikono yote miwili, kuvuta makombe ya bega nyuma, na kufunga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo, kiwiko kikiwa kimebana ubavuni, kisha kuivuta tyubu hiyo kuelekea nje mara 10 hadi 15. Mvua zikifika, alime saa chache siku za mwanzo na kuongeza taratibu. Maji ya lita 20 ni kilo 20, hivyo ni heri kuyagawa katika ndoo mbili ndogo zinazobebwa karibu na mwili.

Bega likishauma, punguza kazi ya kuinua mkono, lakini usilifunge kwa khanga wiki nzima, kwani bega lisilotikiswa hukakamaa. Kuna pia ugonjwa wa bega kuganda, unaowapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, hasa wanawake na wenye kisukari, na unaweza kudumu mwaka mmoja hadi mitatu. Kumeza diklofenaki kila siku bila ushauri wa daktari kunaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Maumivu yakizidi wiki kadhaa, au mkono ukikosa nguvu ghafla baada ya kuanguka, mtaalamu wa tiba ya viungo au daktari anapaswa kulipima. Bega lililoteguka lisivutwe nyumbani, maana mishipa ya fahamu na ya damu hupita jirani kabisa.

Maumivu mengine husikika begani lakini hayatoki huko. Shingo yenye matatizo huweza kuyashusha hadi mkononi, na mfuko wa nyongo huweza kuyapeleka bega la kulia. Mtu mwenye maumivu ya bega au mkono, hasa wa kushoto, pamoja na kifua kubana, jasho jingi au pumzi kukatika, asichuliwe. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu huenda ni moyo.