Hřensko: maana ya "sehemu ya chini kabisa" katika nchi isiyo na bahari

Nchi yenye pwani haihangaiki kutafuta sehemu yake ya chini: kwa kawaida ni ufukweni. Nchi isiyo na bahari ina hesabu nyingine. Wengi hudhani patakuwa ni shimo au bonde fulani katikati ya nchi. Lakini kama mito yake haiishii kwenye ziwa la ndani, pa chini kabisa huwa ni pale mto mkubwa unapovuka mpaka kwenda kwa jirani. Kwa Ucheki, hapo ni Hřensko, kijiji cha wakazi wasiofika mia tatu kilicho ukingo wa kulia wa mto Labe, ambao Wajerumani huuita Elbe. Mto hapo uko kama mita 115 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali chanzo chake katika milima ya Krkonoše kiko karibu mita 1,386.

Mjini Mělník, Labe hupokea Vltava, mto unaopita Prague. Hivyo karibu theluthi mbili ya Ucheki humwaga maji yake kupitia mlango huu mmoja, na Hřensko huona kila kinachotokea huko juu. Mvua ikizidi, hufurika, kama Agosti 2002 na Juni 2013. Ukame ukija, mawe hujitokeza mtoni. Huko Děčín, mwendo mfupi tu juu ya mto, lipo moja lililochongwa kwa Kijerumani: "Ukiniona, lia." Mwaka wa zamani zaidi unaosomeka juu yake ni 1616.

Ila mafuriko ya Labe hupanda polepole, watu wakapata nafasi ya kuhamisha vitu. Ya kuogopwa zaidi ni ya Kamenice, mto mdogo unaoingia Labe hapo hapo kijijini. Huo hupita katika korongo la miamba ya mchanga, miamba iliyokuwa sakafu ya bahari enzi za dinosaria. Mwamba huu hupasuka wima, kwa hiyo maji yameukata kama kisu badala ya kutanua bonde. Nyumba zimebanwa kati ya mto na ukuta wa jiwe, na mvua kubwa ikinyesha juu, maji hayana pa kutawanyika. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2021. Nyufa hizo hizo huingiza maji, baridi huyagandisha, barafu hutanuka, na jiwe huporomoka. Ndiyo maana utaona nyavu za chuma zimefungwa kwenye majabali juu ya mapaa.

Jina la Kijerumani la kijiji, Herrnskretschen, limebeba neno la Kislavoni krčma, yaani kilabu cha pombe. Wateja hawakukosekana, kwa kuwa wasafirisha mbao walipitia hapo. Magogo yalitupwa Kamenice, maji yakazuiwa kwa mabwawa, kisha yakafunguliwa kwa mkupuo yasukume mbao hadi Labe, ambako zilifungwa kuwa vyelezo vya kwenda Saksonia, upande wa Ujerumani. Reli ya Prague hadi Dresden ilipokamilika mwaka 1851, ilipita ng'ambo ya mto, na watalii wakaanza kumiminika. Kabaila Edmund Clary-Aldringen akafungua korongo lenye jina lake mwaka 1890. Sehemu isiyopitika kwa miguu, abiria hupanda mashua isiyo na injini, mpiga pondo akiisukuma juu ya maji yaliyotulizwa na kizuizi.

Wakazi karibu wote walikuwa Wajerumani, na baada ya vita, mwaka 1945 na 1946, wakafukuzwa. Waliohamia ni wageni kwa mto huo. Baada ya 1989 barabara ya kijiji ikajaa vibanda vya wafanyabiashara wa Kivietnam, wanunuzi wakiwa Wajerumani wanaovuka mpaka.

Julai 2022 moto uliteketeza zaidi ya hekta elfu moja za mbuga ya taifa iliyo jirani na kijiji, pamoja na nyumba kadhaa za Mezná, kitongoji cha Hřensko. Misprusi, miti jamii ya msonobari, iliyokuwa imeuawa na mbawakawa wa magome ilikuwa imesimama mikavu. Pravčická brána, tao la mwamba lenye upana wa mita 26.5, lilisalimika. Makorongo yalifungwa: miti mifu juu ya genge ingeweza kuanguka moja kwa moja ndani ya mashua.